Kabla hujapasuliwa moyo, itayarishe nyumba yako

Mie nimebadilishiwa valvu ya moyo, yaani kilango kinachopitisha damu upande mmoja tu, na kila anayenipigia simu kwa sababu kaambiwa yake nayo ibadilishwe huanza na suali lile lile: inauma? Inauma, ndiyo, lakini dawa za maumivu zipo na wauguzi wa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, hawakuachi uteseke. Mie hilo silioni kuwa ndilo kubwa. Kubwa ni pale utakaporudi kwenu, iwe Wete au Konde kule Pemba, au Makunduchi Unguja, kwenye nyumba iliyojaa watu wanaokupenda na kila mmoja kaja na dawa yake. Daktari wa upasuaji hukaa na moyo wako saa chache. Jamaa zako watakaa nao miaka, na hakuna aliyewasomesha. Wasomeshe wewe, tena kabla hujapanda boti kwenda kupasuliwa.

Valvu yangu iliyoharibika ni ya mitrali, ile iliyo baina ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo. Chanzo chake ni cha utotoni: mafindofindo yasiyotibiwa, kisha homa na maungo kuvimba, halafu miaka inapita mtu anajiona mzima, mpaka siku kilima cha nyumbani kinamshinda au ujauzito unamtoa pumzi. Siku hizi upasuaji huu unafanyika Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanzishwa 2015. Zamani ukitajiwa moyo ulikuwa unaanza kutafuta pasi ya kwenda India.

Anza na meno. Jino bovu ni njia ya vijidudu kuingia kwenye damu, na vikishaishika valvu mpya kuvitoa ni kazi nzito. Basi yazibwe au yang'olewe kabla, na baada ya hapo kila ukienda kwa daktari wa meno mwambie una valvu ya bandia ili akupe dawa ya kinga kwanza. Sigara wacha mapema. Watu wa kukuchangia damu watafute mapema pia. Ndugu ni wengi kwenye harusi, kwenye kutoa damu wanapungua.

Suali la valvu ipi usilisubirishe mpaka mwisho. Ile tunayoiita ya chuma hudumu miaka mingi sana, lakini inataka wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yako yote. Ya mnyama kwa kawaida haitaki wafarini ya maisha, ila huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa kijana huchakaa haraka zaidi. Hapo ni kisu tena. Mwanamke anayetaka kuzaa aliseme hili wazi hata kama mama mkwe kakaa pembeni, kwa sababu wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Liko na jengine watu huona haya kuliuliza: valvu za mnyama nyengine zinatokana na ng'ombe na nyengine na nguruwe. Uliza, daktari hakasiriki. Ukiwa na dukuduku la dini, mwendee sheikh unayemuamini kabla hujapangiwa tarehe, usingoje umeshavishwa gauni la kuingilia tiata, chumba cha upasuaji.

Sasa nyumba. Mfupa wa kifua hukatwa katikati, kisha hufungwa kwa waya, na kuunga kwake kunataka wiki 6 hadi 12. Muda wote huo hunyanyui kitu kinachozidi kilo nne au tano, husukumi wala huvuti. Ukiambiwa hivyo hospitali unaitikia tu, mpaka ufike jikoni. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Na ile mbuzi ya nazi: umekaa, umeinama, viganja vinakandamiza nazi kwenye meno ya mbuzi, mabega yanakwenda na kurudi, na kila msukumo unaivuta misuli iliyoshikana na mfupa ule ule uliofungwa waya. Mwanamke wa Kipemba hakai mbele ya mbuzi akaiangalia. Yangu ilihamia kwa wifi yangu kabla sijasafiri, na ikabaki huko mpaka daktari aliponiruhusu.

Kama unalala godoro la chini, tafuta kitanda, maana kuinuka kutoka chini ni lazima uegemee mikono. Ukiwa kitandani unageuka ubavu, unashusha miguu, ndipo unanyanyuka, na mto umeukumbatia kifuani. Mto huo huo unaubana ukitaka kukohoa, na kukohoa ni lazima, mapafu yanataka kusafishwa. Watoto waambiwe wasikuvute mkono, na wakubwa wasikunyanyue kwa makwapa. Choo cha kuchutama kiwekewe kiti. Sala utasali juu ya kiti, kwani sijda inatia uzito mikononi.

Wageni ndio mtihani. Kwetu mgonjwa lazima ajuliwe hali, na anayekuja haji mikono mitupu. Mteue mtu mmoja awe msemaji wako, mtu mwenye adabu na msimamo kwa pamoja. Wangu alikuwa kaka yangu mkubwa. Shangazi yetu alikuja na chupa ya soda imejaa maji meusi ya mizizi.

"Mwanangu, hii inasafisha damu. Kijiko kimoja asubuhi."

"Ahsante shangazi, tumeipokea kwa mikono miwili," kaka akamjibu. "Ila damu yake sasa hivi ina mwenyewe. Mpaka daktari aione hii."

Chupa ikapanda juu ya kabati na shangazi akanywa chai yake kwa raha. Ningejibu mie mwenyewe, na ile sauti yangu ya ugonjwa, ningeishia kuinywa.

Wafarini ndiyo sababu ya ukali wote huu. Hupimwa kwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Mtu asiyetumia dawa hiyo huwa karibu na 1. Mwenye valvu ya chuma ya mitrali mara nyingi hutakiwa awe baina ya 2.5 na 3.5, na kiwango chako wewe atakwambia daktari wako. Ukishuka, damu inaweza kuganda kwenye valvu, tonge likaruka kichwani, ikawa kiharusi. Ukipanda sana unavuja: fizi, mkojo, choo cheusi, hata ndani ya kichwa. Mie nameza baada ya Isha, wakati ambao hausahauliki. Ukiikosa dozi moja usimeze mbili kesho yake. Na soma miligramu kwenye pakiti, usiamini rangi ya kidonge, kwani viwanda havifanani.

Mchicha, kisamvu na matembele hukukatazwa. Vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa, kwa hiyo kula kwa kiasi kile kile wiki zote, si wiki nzima hakuna kisha Ijumaa sufuria. Hatari hasa iko kwenye duka la dawa la jirani. Diklofenaki ya mgongo, aspirini ya kichwa, Flagyl ya tumbo, Septrin ya kifua: vitu tunavyonunua kama peremende, na vyote vinaweza kukuvujisha damu ukiwa kwenye wafarini. Habasoda na vidonge vya kitunguu saumu navyo viulizie kwanza. Chuku, au hijama kama vijana wanavyoita, ndiyo usiguse kabisa. Mtu anakuchanja ngozi na damu yako haigandi upesi, unategemea nini?

Kabla hujatoka Dar es Salaam hakikisha INR imetulia, na uliza mambo matatu: karibu na kwetu inapimwa wapi, majibu yanatoka lini, na nikiyapata nampigia nani. Kama ulikuwa unachomwa sindano ya penisilini kila mwezi, ili homa ile ya utotoni isirudi, usiiache kwa kuwa umebadilishiwa valvu. Muulize daktari unaendeleaje. Dawa zikae kwenye mkoba wako, si kwenye sanduku lililopangwa chini ya boti. Na mkondo wa Nungwi, baharini baina ya Unguja na Pemba, ukichafuka usijishike kwenye nondo, mshike mwenzako.

Homa usiifanyie mzaha. Mwenye valvu ya bandia akipata homa haendi dukani kununua vidonge, anakwenda hospitali, anasema ana valvu, na anaomba damu ichukuliwe ioteshwe maabara kutafuta vijidudu kabla hajaanza antibiotiki. Ukimeza kwanza unawaficha vijidudu wanaotafutwa. Nunua na mizani ya kujipimia kila asubuhi: uzito ukiruka kilo mbili ndani ya siku chache, na miguu imejaa, ni maji, piga simu. Ng'onda, papa mkavu na achari vipunguze, chumvi ndiyo inayoyashika maji hayo.

Utalia bila sababu. Unaweza ukawa unakula ndizi tu machozi yanatoka. Wengi hupitia, na huondoka; yakiendelea mwambie daktari kama unavyomwambia kidonda.

Ramadhani kila mtu ananiuliza. Kidonge cha wafarini chenyewe kinaweza kuhamia usiku, lakini mwenye dawa ya kupunguza maji na moyo ambao haujapata nguvu ni jambo jengine. Muone daktari tangu Shaabani, usingoje mwezi uandame.

Na karafuu, maana msimu ukifika hakuna Mpemba anayetaka kukaa. Kupanda mkarafuu mwenye wafarini asahau, akianguka ni kichwa. Gunia asibebe. Kuchambua, mfupa ukishaunga, akae barazani achambue atakavyo, na pishi zake alipwe kama wengine.