Maswali ya Wasomaji: Volti Zimeshuka, Kosa Liko Wapi?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wenye mitambo midogo ya ujenzi, na karibu zote zinaishia kwenye betri. Majibu haya yanahusu mitambo ya volti 12. Utahitaji multimita (mita ya kupimia umeme) ya kawaida, brashi ya waya na subira.

Swali: Hamjambo wahariri? Nina eskaveta ya tani tatu hapa Mamboleo, Kisumu. Betri niliinunua mpya miezi miwili iliyopita. Asubuhi stata (mota ya kuwashia injini) inazunguka kwa uvivu, skrini inazimika na kuwaka tena, kisha inaonyesha kosa la volti za chini. Muuzaji anasema betri ni nzima, fundi wangu anasema ni feki. Nimwamini nani?

Jibu: Ndugu yetu, usimwamini yeyote mpaka multimita iseme, na uipime mara tatu: mtambo ukiwa umelala, stata ikizunguka, na injini ikinguruma (hicho cha tatu kimo katika jibu linalofuata). Kipimo kimoja peke yake hakitoshi, na hapo ndipo pesa nyingi za betri hupotelea.

Anza asubuhi kabla ya mtu kugusa ufunguo. Betri iliyojaa ikipumzika usiku kucha husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 ina robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 haina kitu. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini utapata namba ya kupendeza isiyo ya kweli, kwa sababu chaji ya juujuu bado haijatulia. Kama huwezi kungoja, washa taa za kazi kwa dakika mbili, zizime, ngoja dakika chache, kisha pima.

Sasa piga stata huku mita ikiwa kwenye vichwa vya betri. Chomoa kwanza waya wa solenoidi ya mafuta (kifaa kinachofungulia injini mafuta) ili injini isiwake, funga wenzo wa usalama wa haidroli, na usizidishe sekunde kumi kwa mkupuo mmoja. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, betri yenyewe ni dhaifu. Ikibaki juu ya hapo, tuseme 11, na bado stata inajikokota, basi muuzaji wako alisema kweli: umeme unapotelea njiani.

Dalili zako zinatuelekeza huko, na tunaishuku zaidi athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye upande hasi wa betri. Injini ya eskaveta ndogo imekaa juu ya raba, kwa hiyo haigusani na fremu chuma kwa chuma. Umeme wote wa stata hurudi kwenye betri kupitia waya mmoja au miwili minene ya athi, ambayo mara nyingi hufungwa chini, pale udongo mweusi wa Kano unapoganda na kukaa na unyevu kwa wiki nzima. Kutu huingia kati ya ncha ya waya na fremu, bolti ikaonekana imekazwa vizuri kumbe haipitishi.

Mafundi wengi hupima waya huo kwa mlio wa mita au kwa kitaa (taa ndogo ya kupimia), wakaupitisha. Kipimo hicho hakifai hapa. Stata ya dizeli ndogo inaweza kuvuta ampea 200 na zaidi. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu kitakula volti 2 kwa mzigo huo, ilhali kwa kitaa cha ampea moja kitakula volti 0.01, na taa itawaka vizuri kabisa. Lazima upime mzigo ukiwepo.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse kichwa cha hasi cha betri chenyewe, si kibano kilichokishika. Nyekundu iguse chuma safi cha injini. Mwambie mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya 0.3, athi ina kasoro. Kisha upande wa pili: nyekundu kwenye kichwa cha chanya, nyeusi kwenye bolti kubwa ya stata inayopokea waya wa betri. Hapo usikubali zaidi ya 0.5. Namba ikiwa kubwa, sogeza ncha hatua kwa hatua: kutoka kichwa hadi kibano, kibano hadi swichi kuu ya kukata umeme, upande mmoja wa swichi hadi mwingine, kisha waya hadi stata. Namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Swichi kuu ikaguliwe bila huruma, kwa kuwa maji yakiingia ndani huunguza viguso vyake huku kishikio kikigeuka kama kawaida.

Ukipata kiungo kibovu, fungua hasi ya betri kwanza na uirudishe mwisho. Futa kutu na rangi mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi ikitangulia itazuia chuma kugusana. Waya ambao shaba yake imegeuka nyeusi au kijani chini ya plastiki usiusafishe, ubadilishe kwa unene uleule. Skrini yako inazimika kwa sababu kompyuta nyingi za mitambo huyumba volti zikikaribia 9, na huenda ikaandika makosa ya sensa ambazo hazina shida. Rekebisha volti, futa makosa, halafu uone yapi yanarudi.

Swali: Niko Lanet, Nakuru. Kipakiaji changu kidogo cha magurudumu manne huwaka vizuri kikichajiwa usiku kwa umeme wa nyumbani, lakini kikifanya kazi betri inasoma 12.3 na kushuka. Taa nyekundu ya betri haijawahi kuwaka, kwa hiyo nadhani alternata (jenereta ya injini inayochaji betri) ni nzima.

Jibu: Hapo ndipo ulipopotea, ndugu. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua au waya wake mwembamba umekatika, na kwa alternata nyingi umeme mdogo unaopitia balbu hiyo ndio unaoiamsha ianze kuzalisha. Balbu ya bei ndogo inaweza kukununulisha alternata nzima.

Tafuta kwenye alternata waya mwembamba uliofungwa kwenye alama L au D+. Uchomoe, fungua ufunguo, gusisha ncha yake kwenye chuma cha injini. Taa ikiwaka, waya na balbu ni vizima, na tatizo ni burashi (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme) au regyuleta (kidhibiti volti) ndani ya alternata. Isipowaka, fuata waya na balbu. (Mitambo ambayo alternata yake huongozwa na kompyuta ina plagi ya nyaya nyingi, hiyo usiijaribu namna hii, fuata kitabu chake.)

Kisha tazama mkanda unaozungusha alternata. Vumbi la Nakuru huusugua ukawa laini na wa kung'aa, ukateleza bila hata kupiga kelele. Ubonyeze katikati kwa dole gumba. Ukizama zaidi ya milimita 10 hivi, kaza. Washa injini, ongeza mwendo, washa taa zote na feni. Kwenye betri unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.5. Kama bolti nene ya alternata inasoma 14.3 na betri 12.3, waya wa katikati au fyuzi yake kubwa ndiyo mbovu. Kama zote mbili zinasoma 12.3, ni alternata.

Tunakusihi jambo moja: usichomoe kibano cha betri injini ikinguruma eti kupima alternata. Tunajua hufanywa kila gereji. Mzigo ukikatika ghafla, alternata inaweza kurusha volti zaidi ya 60 kwa sehemu ya sekunde, na kompyuta ya mtambo haitengenezwi kwa bei ya betri.

Swali: Nasimamia mtambo wa kampuni hapa Kakamega. Kazi ikisimama siku kumi tukingoja malipo, tunakuta betri imekufa. Ikichajiwa hufanya kazi siku nzima bila shida. – Msimamizi

Jibu: Dada yetu, kuna kitu kinakunywa umeme mtambo ukiwa umelala. Zima kila kitu, funga milango, fungua waya wa hasi, kisha unganisha mita ya ampea (tundu la 10A) kati ya waya na kichwa cha betri. Mtu asiguse ufunguo, fyuzi ya mita itaungua. Ngoja nusu saa kompyuta zilale. Mtambo usio na kasoro huvuta chini ya ampea 0.05. Ukiona 0.15, fanya hesabu: 0.15 mara saa 240 ni ampea-saa 36, nusu ya betri ya 70.

Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Isiposhuka hata zote zikitoka, chomoa waya mnene wa alternata. Namba ikianguka, daiodi ya alternata (kizuizi cha umeme kurudi nyuma) imevuja. Kama sivyo, tazama nyaya zilizofungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Mara nyingi utakuta traka ya GPS (kifaa cha kufuatilia mtambo ulipo) au redio, imefungwa kabla ya swichi kuu, ndiyo maana hata ukizima swichi betri inakufa. Swichi hiyo yenyewe uizime dakika chache baada ya ufunguo, usiizime kamwe injini ikiwa inafanya kazi.

Swali: Betri ikifa saiti hapa Webuye, tunaweza kubusti kutoka kwa lori? Na je, kuchomelea meno ya ndoo kunaharibu chochote?

Jibu: Lori nyingi ni za volti 24, na hizo zitaunguza umeme wa mtambo wenu. Tumieni pikapu ya volti 12: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwenye hasi ya pikapu, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya mtambo, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Ngojeni dakika tano hadi kumi kabla ya kupiga stata.

Kuchomelea kunaharibu, kukifanywa ovyo. Ondoeni nyaya zote mbili za betri, hasi kwanza, na mchomoe plagi za alternata na kompyuta. Klempu ya welding ifungwe kwenye ndoo yenyewe karibu na jino. Ikifungwa kwenye fremu, umeme utapita kwenye pini, beringi na nyaya za athi.

Swali: Naweza kuongeza asidi kwenye betri iliyochoka? Njoro.

Jibu: La. Kinachopungua kwa joto na chaji ni maji, asidi hubaki. Ongeza maji yaliyotoneshwa (distilled water) peke yake, si ya bomba wala ya mvua, mpaka yafunike sahani kwa milimita 10 hivi. Chaji polepole, ampea 7 kwa betri ya 70, kwa saa kumi hadi kumi na mbili. Ikipumzika, pima kila chumba kwa haidromita (kipimo cha uzito wa asidi): chumba kizima husoma karibu 1.265. Kimoja kikipishana na wenzake kwa zaidi ya 0.050, betri hiyo imekwisha na asidi haitaifufua. Hapo ndipo ununue nyingine, uijaze chaji kabla ya kuifunga, na uikaze kwenye kishikio chake, kwa maana mtikisiko ndio unaozivunja sahani.