Baba ni mchungaji, usharika umegawanyika: wewe usimame wapi?

Msomaji wetu, mtoto wa mchungaji wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), anaandika kwamba usharika wao una makundi mawili na kila Jumapili wazee humvuta pembeni: "Baba anasemaje?" Anauliza yeye ni nani katika vurugu hizi.

Anza na makaratasi. Ugomvi ukikolea, rejista za usharika hushikwa na upande mmoja. Chukua sasa nakala za cheti chako cha ubatizo na cha kipaimara, kwa sababu utadaiwa vyeti hivyo ukihama au ukifunga ndoa. Barua ya utambulisho yenye mhuri unaogombewa yaweza kukataliwa uendako. Iombe kwa mkuu wa jimbo, anayesimamia sharika za eneo lenu. Vyeti vya shule viweke kwa shangazi: nyumba mnayoishi ni ya usharika, na baba akisimamishwa mtatakiwa kuhama.

Wanaokuchimba wajibu hivi: "Shikamoo mzee. Hilo muulize baba mwenyewe." Kisha nyamaza. Hata "sijui" ni hatari. Jioni itakuwa "hata nyumbani hawaambiani". Kikundi cha WhatsApp cha kwaya usijitoe, maana kujitoa kutahesabiwa kura. Zima mlio, na usisambaze sauti ya mtu yeyote.

Sasa imani yako. Kosa kubwa ni kuhamia kundi la wapinzani kwa hasira. Huko utapokelewa kwa vigelegele, lakini kama ushahidi dhidi ya baba yako. Mgogoro wa KKKT huko Meru, Arusha, wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, uliozaa Dayosisi ya Meru, uligawa hata ndugu wa damu. Nenda usharika usikojulikana, ukae viti vya nyuma miezi mitatu bila cheo. Watakaposikia wewe ni mtoto wa nani watakupa kipaza sauti cha vijana, kataa. Unatafuta kujua kama ungesali hata asingekuwepo wa kukuona, na hilo halijulikani ukiwa madhabahuni. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inakupa uhuru wa kuamini na hata wa kubadili dini, kwa hiyo hakuna haja ya kuharakisha.

Baba mwambie mapema, kabla wazee hawajamwambia. Usimfuate Jumamosi akiandaa mahubiri. Jumatatu jioni ana nafasi. Mwambie: "Baba, leo naomba nizungumze na baba, mchungaji apumzike." Eleza unasali wapi na mpaka lini. Akikasirika, usibishane, mpitie mama, kisha rudi Jumatatu inayofuata.