Maswali ya Wasomaji: Wazee Wamisionari, Nyumba Yao na Siku Yao

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia jambo moja: mume na mke waliostaafu, wanaotumwa na kanisa kuhudumu nchi ya mbali. Wanaotajwa ni wenzi waandamizi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hivyo taratibu za misheni tunazozieleza ni za kanisa hilo. Maji, dawa na umeme havina dhehebu.

Tawini kwetu, yaani usharika wetu mdogo, wanakuja wenzi waandamizi kutoka Marekani. Tumezoea vijana wamisionari wanaotoka asubuhi na kurudi usiku. Hawa wazee wanafanya nini siku nzima, na tuwapangie ratiba gani?
*Karani wa tawi, Mwanza*

Msiwapime kwa kipimo cha vijana. Wenzi waandamizi hawabanwi na ratiba ile ya kuamka, kusoma na kutoka kwa saa moja iliyopangwa. Wanakaa nyumba yao, wanapika wenyewe, na gharama zao wanajilipia. Muda wa huduma ni miezi 6, 12, 18 au 23, na kazi hutegemea wito. Waliopangiwa ofisi ya misheni hushinda na mikataba ya nyumba za vijana, vibali vya ukaaji, magari na risiti. Wa huduma za kibinadamu hushinda barabarani wakikagua miradi. Wanaosaidia viongozi na waumini ndio mtakaowaona zaidi: mmoja yuko na karani kwenye kompyuta, mwingine anafundisha kinanda, alasiri wote wawili wanawatembelea walioacha kuja kanisani.

Pangeni miadi kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri, nyumba mbili kwa siku, zote upande mmoja wa mji. Wawe wamerudi kabla ya giza. Jicho la mzee huchelewa kurudi sawa likipigwa na taa za gari, na barabarani kuna baiskeli na mikokoteni isiyo na taa. Kwa Mwanza, ambako jua huzama karibu saa moja, saa kumi na mbili wawe getini.

Kinachoharibika mara nyingi ni chakula. Kila nyumba inapika wali na kuku, mgeni anaona aibu kukataa, na kama ana kisukari jioni sukari imepanda. Waambieni wenyeji mapema kwamba chai bila sukari na ndizi moja ni heshima tosha. La pili ni masikio. Mvua ikinyesha juu ya bati, kifaa cha kusikia hukuza kelele yote pamoja, asisikie neno. Mkalisheni mbele, amwone msemaji usoni, na mkalimani akae ubavuni mwake.

Halafu semeni wazi tangu wiki ya kwanza: mtu kujilipia gharama si kwamba ana hela za kugawa. Mwenye shida ya ada au matibabu aende kwa rais wa tawi, ambako ndiko sadaka ya mfungo, fedha ambazo waumini huchangia kwa ajili ya wahitaji, inakotolewa kwa utaratibu. Wazee wakianza kugawa mifukoni, nusu ya ziara zao zitakuwa maombi ya pesa, na baada ya miezi miwili watakuwa wanajifungia ndani.

Nina nyumba nataka kuipangisha kwa wenzi wa aina hiyo. Nirekebishe nini kwanza?
*Mwenye nyumba, Arusha*

Anza na bafu. Sebule inaweza kusubiri. Mzee akivunjika nyonga bafuni, misheni imekwisha siku hiyo. Ondoa vigae vinavyoteleza au tandika mkeka wa mpira wenye vinyonyeo chini. Funga vishikio viwili vya chuma, kimoja kando ya choo, kingine penye bomba la mvua, urefu wa sentimita 85 hadi 95 kutoka sakafuni. Fundi wengi hukipachika kishikio kwa plagi za plastiki na skrubu fupi juu ya kigae. Siku ya kuhitajika kinang'oka na ukuta wake. Ukuta mzito utobolewe uwekwe bolti za chuma zinazotanuka. Ukiwa wa tofali zenye uwazi ndani, bolti ipite hadi upande wa pili na kufungwa na bamba. Kisha ning'inia wewe mwenyewe. Kama unaogopa kujaribu, kishikio hakijafungwa.

Maji ya moto yana hesabu yake. Kila mita moja ya urefu wa tangi juu ya bomba hukupa presha ya takriban bar 0.1. Tangi lililo mita 3 juu linatoa bar 0.3, na hita nyingi za papo kwa papo haziwaki kwa presha hiyo, au zinawaka na kuzima mtu akiwa na povu kichwani. Inua mnara au weka pampu ndogo. Hita ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 24, kwa hiyo iwe na waya wake pekee wa milimita 6 za mraba, swichi yake ya kinga ya ampea 32, na waya wa ardhini uliopimwa. Kuunganisha hita kwenye waya wa taa ni kutega mtu.

Umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Wa Marekani ni volti 120 na mizunguko 60. Waelezeni kabla hawajafunga mizigo: chaja iliyoandikwa 100–240V inahitaji adapta ya pini tatu tu, lakini kikausha nywele au mashine ya mkate ya volti 120 itaungua ikichomekwa. Transfoma ya kubeba wati 1,800 ni nzito na ghali. Nunueni kifaa hicho hapa hapa. Uliza pia kama kuna anayelala na mashine ya kusukuma hewa kwa ajili ya kukatika pumzi usingizini. Mashine hizo nyingi zinakubali volti zetu, ila zinataka betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika saa nane usiku mtu anaamka akihaha. Friji iwekewe kifaa cha kuilinda umeme unaporudi kwa kishindo.

Kibonyezeo cha LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, kiweke usawa wa macho, penye taa. Tokeni ina tarakimu 20, na macho ya miaka 70 juu ya vitufe vidogo gizani hukosea mara tatu mfululizo. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukiwa umejaa huwa karibu kilo 30 pamoja na chuma chake: mpate kijana wa kuuleta na kuufunga, na kila ukifungwa apake povu la sabuni kwenye maungio aone kama linatoa mapovu.

Na kama nyumba inatumia kisima, sema ukweli kuhusu floridi. Maji mengi ya chini ya ardhi kuzunguka Mlima Meru yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Kichujio cha kawaida hakiiondoi pia. Kinachofaa ni mkaa wa mifupa unaobadilishwa kwa wakati, au mtambo wa kusukuma maji kupita kwenye utando, au maji ya kununua kwa kunywa na kupikia.

Nafanya kazi za ndani kwa bibi na babu wamisionari. Wanaumwa matumbo kila mara ingawa nachemsha maji. Nakosea wapi?
*Dada wa nyumbani, Nairobi*

Dada, huenda hukosei kwenye kuchemsha. Maji yakitokota kwa nguvu, dakika 1 inatosha. Dakika 3 ni kwa sehemu zilizo juu ya mita 2,000, na Nairobi ni chini kidogo ya mita 1,800. Kutokotesha robo saa ni kuchoma gesi bure. Tatizo huja baada ya hapo. Maji yaliyochemka yanamiminwa kwenye jerikeni lililokuwa na maji ya bomba, au kikombe kinachochovywa kwa mkono, au barafu inagandishwa kwa maji mabichi. Chombo cha maji ya kunywa kiwe kimoja, chenye kifuniko na bomba dogo chini, kioshwe kila wiki kwa maji yaliyochemka. Kama hakuna gesi, tumia dawa ya klorini ya maji kwa kipimo cha kwenye chupa, koroga, subiri dakika 30.

Wakiwa na kichujio cha mishumaa ya udongo, usimimine maji ya moto ndani yake. Mshumaa hupata ufa usioonekana na uchafu hupita. Ukiona maji yanatiririka polepole, sugua mshumaa kwa brashi laini na maji baridi, bila sabuni. Ukisikia ladha ya tope, mshumaa umepasuka: tupa.

Sukuma wiki iliyopikwa haina shida. Shida ni kachumbari na saladi ya majani. Nyanya na matango yaoshe, yamenye, yakatwe kwa kisu na ubao ambao haujagusa nyama. Saladi ya majani, kwa maoni yetu, wapumzike nayo. Hakuna kuiosha kunakotosha. Kabichi ya kuchemshwa kidogo haiui hamu ya mtu.

Wakati wa kuhara, andaa lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, wanywe kidogo kidogo. Kama wanatumia dawa za presha za kukojoza, au metformin ya kisukari, wampigie daktari siku hiyo hiyo, maana mwili ukikauka huku dawa hizo zinaendelea, figo ndizo zinazoumia.

Wazazi wangu, miaka 68 na 64, wameitwa kuhudumu Ghana. Wote wana presha, mama ana kisukari na anadunga insulini. Tuandae nini?
*Binti yao, Eldoret*

Muone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya safari. Swali la kwanza ni chanjo ya homa ya manjano, ambayo Ghana inadai cheti chake kwa anayeingia. Kama walishachanjwa zamani na cheti kipo, msirudie: tangu Julai 2016 cheti kinakubalika maisha yote. Kama ni mara ya kwanza, daktari apime kwa makini, kwa sababu baada ya miaka 60 madhara makubwa ya dozi ya kwanza, ingawa ni nadra, huongezeka. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano.

Malaria ni swali la pili, na watu wa Eldoret hulidharau. Mji wenu uko juu, malaria ni kidogo, kwa hiyo wazazi hawana kinga ya watu wa pwani ya Ghana, ambako ugonjwa upo mwaka mzima. Dawa ya kinga iitwayo atovaquone-proguanil huanzwa siku 1 au 2 kabla ya kufika na kumalizwa siku 7 baada ya kuondoka. Haimfai mwenye figo zilizoharibika sana. Nyingine, doxycycline, huendelea wiki 4 baada ya kuondoka; imezwe kwa glasi nzima ya maji, na mtu asilale kwa nusu saa, la sivyo inachoma koo la chakula. Asiinywe pamoja na maziwa au dawa ya kiungulia. Homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo, hata kama anameza dawa.

Insulini isiwekwe kwenye mzigo wa chini ya ndege. Inaweza kuganda, na iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Iende mkononi, kwenye mfuko baridi, isiguse barafu. Chupa iliyofunguliwa hudumu kwa kawaida siku 28 kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, na Accra mchana hupita hapo mara nyingi. Dawa zote zibaki kwenye pakiti zake, na barua ya daktari iandike jina halisi la dawa, si la kampuni, maana kampuni ya Kenya huenda haiuzi huko. Gawa kila dawa kwenye mikoba miwili.

Ghana iko nyuma ya Kenya kwa saa 3. Dawa ya saa mbili asubuhi ya Eldoret ni ya saa kumi na moja alfajiri Accra. Daktari awapangie namna ya kuisogeza, hasa insulini. Wajukuu wakitaka kupiga simu saa mbili usiku, kule ni saa kumi na moja jioni, muda mzuri kabisa. Na baba akipewa gari, ajue Ghana ilihamia upande wa kulia wa barabara mwaka 1974. Wiki ya kwanza mama akae kiti cha mbele kazi yake ikiwa kusema "kulia" kila wanapotoka getini na kila wanapokata kona, maana hapo ndipo mkono unapokimbilia mazoea.

Je, lazima wajue Kiswahili?
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Hapana, ila wajue salamu, namba na saa. Ukimwambia mgeni "saa nne" atakuja saa kumi, au hatakuja kabisa. Kwenye ujumbe andika zote mbili: saa nne asubuhi, 10:00.

Mume wangu na mimi tunahudumu Kampala. Nyumbani Nakuru kila mtu alikuwa na shughuli zake. Sasa tuko pamoja saa zote na tunagombana kwa vitu vidogo. Ni kawaida?
*Mama mmisionari*

Shikamoo mama. Ni kawaida, na dua peke yake haipangi ratiba. Gawaneni kazi kwa maandishi: nani anaendesha, nani anashika simu na ramani, nani anajaza ripoti ya wiki, nani anakwenda sokoni. Anayeendesha hasahihishwi njia isipokuwa kwa hatari. Asubuhi kila mtu apate saa moja kwenye chumba chake, mlango umefungwa. Wekeni siku moja ya wiki ya kufua, kununua na kulala mchana, na mwambie rais wa misheni ni siku ipi ili asiwapigie. Watoto wapigieni pia kila mmoja kwa zamu yake, maana simu ya pamoja humfanya mmoja aongee na mwingine akae akisubiri kifaa. Ugomvi mwingi wa saa kumi jioni ni njaa na miguu iliyovimba: kuleni saa saba mchana popote mlipo, hata kama ni mayai mawili ya kuchemsha kwenye gari, na mtu asitoe hoja yoyote kabla hajavua viatu.