Kwa nini 50 na 20 zinanipa 5020?

SWALI: Assalamu aleikum. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Malindi, nasomea stashahada ya teknolojia ya habari. Kabla ya kuingia chuoni sikuwahi kugusa kompyuta. Babangu ni mchuuzi wa samaki, nikaona nimwandikie programu ya Python ya kujumlisha kilo alizonunua jana na leo. Nikiingiza 50 na 20, inanipa 5020. Mwalimu aliniambia niweke int, na kweli ikatoa 70, lakini sikuelewa kwa nini. Wenzangu wananishauri niachane na Python nianze na lugha nyingine ya programu, C au Java. Na laptopu sina, nina simu tu. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, mdogo wangu. Nimefurahi kwamba programu ilikubali na bado ukauliza kwa nini. Wengi jibu likishatoka 70 hufunga kompyuta wakaenda zao, na mtihani ukija na swali lililogeuzwa kidogo wanakwama. Nitakaa sana kwenye hiyo 5020, maana ukiielewa, suala la lugha litakuwa jepesi.

Bila shaka uliandika hivi:

jana = input("Kilo za jana: ")
leo = input("Kilo za leo: ")
print(jana + leo)

Amri ya input haijui kama unaandika kilo, jina la mtu au nambari ya simu. Inachukua ulichobonyeza na kukikabidhi kwa programu kama maandishi. Kwa hiyo kilichoingia ndani ya jana ni herufi 5 ikifuatwa na herufi 0, wala hamsini haijakuwapo bado. Na Python ikikuta alama ya kujumlisha kati ya maandishi mawili, huyaunganisha, la pili nyuma ya la kwanza. Ndiyo hiyo 5020 yako.

Tushuke chini kidogo. Kila kitu kwenye memori huwekwa kwa 0 na 1. Nambari 5, ikiwekwa katika baiti moja, yaani nafasi 8 za 0 na 1, ni 00000101. Herufi 5, ile ya kwenye kibodi, ina nambari yake katika orodha ya herufi inayofuatwa na kompyuta: 53, yaani 00110101. Kwenye skrini zinafanana, ndani hazijuani. Kazi ya int ni kuzisoma zile herufi na kutengeneza nambari inayolingana nazo.

Sasa, kabla hujampelekea mzee, ingiza 12.5 uone. Programu itakatika na kukuandikia ValueError, kwa sababu int ikipewa maandishi hukubali nambari nzima pekee, na samaki kwenye mizani hawaji kilo kamili kila siku. Hapo unahitaji float, inayokubali nambari zenye desimali, badala ya int. Nayo float ina tabia yake: iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Usishtuke. Sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa 0 na 1, kama vile theluthi haiandikiki kikamilifu kwa desimali, utaandika 0.333 usifike mwisho. Kwa kilo za samaki tofauti hiyo haina madhara, tumia round, amri ya kupunguza desimali, unapoonyesha jibu. Kwa pesa, hesabu senti kwa nambari nzima, shilingi 150.50 iwe 15050, ndipo ugawanye kwa 100 wakati wa kuonyesha.

Je, C au Java zingekuokoa? Java ukijumlisha maandishi "50" na "20" utapata 5020 vilevile. Kwenye C, herufi '5' ukiijumlisha na herufi '2' unapata 103, kwa sababu imejumlisha 53 na 50, nambari za herufi zenyewe. C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ndiyo iliyotumika kuuandika upya mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Unix. Python ya Guido van Rossum ilitoka 1991. Zote mbili zinafaa. Wewe fuata ile ambayo chuo chako kinaitahini, ukae nayo mwaka mzima. Wanaohama lugha kila mwezi huanza upya kwenye print kila mara, na mambo magumu hawayafikii.

Kitu cha kujifunza sasa ni kuifuatilia programu kwa kalamu. Chukua karatasi, chora safu moja kwa kila jina, moja ya jana, moja ya leo. Soma mstari mmoja mmoja ukiandika kilichomo, maandishi uyatie nukuu, nambari uziache bila. Andika unachotarajia kitoke, ndipo uiendeshe. Jibu likija tofauti, usibadilishe chochote mpaka uujue mstari ambapo karatasi yako na mashine ziliachana. Mimi nafanya hivi mpaka leo kazini, na sijaona njia ya mkato iliyo bora.

Karatasi haihitaji laptopu. Kwenye simu ya Android weka Pydroid 3. Ukishaipakua, Python inaendeshwa bila bando. Kwenye kompyuta za chuo, omba uwekewe Thonny, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Inaweza kuendesha programu hatua kwa hatua huku ukiona thamani za majina zikibadilika pembeni. Na uhifadhi kazi mara kwa mara: stima ikipotea, ambacho hujahifadhi kilikuwa kwenye memori tu, na memori hiyo hufutika.

Nakuachia zoezi. Simu ikionyesha 7:00 asubuhi, sisi tunasema saa moja. Andika programu inayopokea saa ya simu, kuanzia 0 hadi 23, itoe saa yetu. Utashawishika kuandika (saa + 6) % 12, ambapo % hutoa baki baada ya kugawanya. Ifuatilie kwa kalamu: 7 inatoa 1, sawa, 13 inatoa 7, sawa, halafu jaribu 6 na 18. Zote zitakupa 0, na sisi hapo tunasema saa kumi na mbili. Irekebishe, kisha nitumie programu pamoja na picha ya karatasi yako.