Maswali na majibu: podikasti za kusikiliza na zile za kuachana nazo

Maswali ya podikasti yamerundikana, kwa hiyo leo ni hayo tu. Wasomaji wa zamani wanaujua msimamo wangu. Podikasti inayostahili saa yako ni ile iliyofanyiwa kazi kabla ya maikrofoni kuwashwa, ikafanyiwa kazi tena baada ya kuzimwa.

Ipi ni podikasti bora kuliko zote?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno na bado linakuja vilevile, bila hata neno moja la ziada. Bora kwa nani? Anayetaka historia, anayetaka habari na anayetaka kumtuliza mtoto hawawezi kupewa jibu moja. Niambie unapenda nini, una muda kiasi gani, na ya mwisho uliyoifurahia ni ipi. Hapo nitakujibu.

Nimemaliza Serial msimu wa kwanza, sasa nimenogewa na visa vya mauaji. Nipe nyingine kama hiyo.

Serial ilianza Oktoba 2014. Sarah Koenig alitumia sehemu 12 kuchunguza mauaji ya Hae Min Lee, mwanafunzi wa Baltimore aliyeuawa 1999, na hukumu aliyopewa Adnan Syed kwa mauaji hayo. Ni kazi ya kiwango cha juu, na wengi walijua podikasti ni nini kupitia hiyo. Ila kesi haikuishia pale sauti ilipoishia. Syed alitoka gerezani 2022, hukumu yake ilipofutwa. Mwaka 2023 hukumu yake ilirudishwa, kwa sababu ndugu wa kiume wa marehemu alilalamika kuwa hakupewa taarifa ya kutosha ili ahudhurie mahakamani, na majaji wakakubaliana naye. Mwaka 2025 jaji akaamua kuwa muda ambao Syed alikwisha kuutumikia unatosha, ingawa hukumu yenyewe imebaki. Nakueleza haya yote kwa sababu ya huyo ndugu. Wasikilizaji mamilioni walikuwa wakibishana kuhusu kifo cha dada yake kana kwamba ni fumbo la kupitishia muda.

Baada ya Serial yakaja mafuriko. Watu wanasoma habari za magazeti ya zamani kwa sauti ya kutisha, wanachekacheka katikati, wanakatiza na tangazo, na familia ya aliyeuawa haijapigiwa hata simu. Hizo sizipendekezi, na usitegemee nitazipendekeza.

Wewe nenda kwa In the Dark, msimu wa pili, wa 2018. Watu wanne waliuawa ndani ya duka la samani katika mji mdogo wa Winona, Mississippi, mwaka 1996. Curtis Flowers, mtu mweusi, akashitakiwa kwa kosa hilo mara sita, na mwendesha mashitaka ni yuleyule, Doug Evans. Madeleine Baran na wenzake walihamia huko wakakaa karibu mwaka mzima. Walimtafuta shahidi mmoja baada ya mwingine, wakapita njia ambayo Flowers alidaiwa kupita asubuhi ile. Kisha wakafanya kazi ambayo wengi wangeikimbia: waliingia kwenye masijala za mahakama, wakafungua majalada ya kesi zaidi ya 200, wakanakili nani aliitwa kwenye juri, yaani raia wanaoamua kesi, na nani alikataliwa. Hesabu ikaonyesha kuwa ofisi ya Evans iliwakataa weusi kwa kiwango cha zaidi ya mara nne ya weupe. Na yule shahidi aliyedai Flowers alimkiria gerezani akawaambia waandishi, kwa simu akiwa gerezani, kuwa alidanganya.

Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu kwa sababu ya ubaguzi katika kuchagua juri. Septemba 2020 mashitaka yakafutwa kabisa. Flowers alikuwa amekaa ndani karibu miaka 23. Sikiliza msimu huo, kisha urudi kwa wale wanaochekacheka uone kama utawavumilia.

Nataka ya kunipatia usingizi.

Sleep With Me. Weka kipima muda, usije ukaamshwa na tangazo usiku wa manane.

Shikamoo mwandishi. Mbona huzitaji kabisa zile za marafiki wawili watatu wanaokaa na kuzungumza? Kwetu vijana ndizo tunazozipenda zaidi.

Marahaba. Sizitaji kwa sababu nyingi hazijaandaliwa. Watu wanawasha maikrofoni, wanaulizana wiki ilikwendaje, wanacheka utani ambao wewe huujui, na dakika 20 zimekwenda kabla mada haijatajwa. Mhariri mmoja mwenye kisu kikali angekata nusu na hakuna ambaye angelalamika. Muda wako ni mali, na mtu anayerekodi mazungumzo yake yote bila kukata kitu anakutumia wewe kama mhariri wake.

Mazungumzo yenyewe siyachukii. Chukua Desert Island Discs ya BBC, iliyoanza redioni mwaka 1942 na sasa inapatikana kama podikasti pamoja na akiba kubwa ya vipindi vya zamani. Mgeni anaambiwa ajifikirie ametupwa peke yake kwenye kisiwa, achague muziki wa sahani nane, kitabu kimoja na kitu kimoja cha anasa. Basi. Utaratibu ni huo huo kwa mwanasayansi, mpishi au waziri mkuu. Lakini mtu hawezi kuchagua nyimbo nane bila kusimulia mama yake alikuwa akiimba nini, nani alikufa, ndoa ilivunjika lini. Mtangazaji hahitaji kumbana, kwani wimbo unamfungua. Sheria ndogo kama hiyo, ikifuatwa kwa miaka zaidi ya 80, imezaa mazungumzo bora kuliko saa tatu za "tupige stori".

Kwa hiyo, kijana wangu, kama nawe unafikiria kuanzisha yako (na nahisi unafikiria), andika kwanza maswali kumi. Ukishindwa kuyapata, hujawa na mada.

Bando linaniishia. Nifanyeje?

Acha kutazama podikasti kwa video. Saa moja ya sauti yenye ubora wa kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, ni kama megabaiti 58, na vipindi vingi vya mazungumzo bila muziki hurekodiwa kwa nusu ya hapo bila sikio kuona tofauti. Video ya watu waliokaa kwenye viti hula mara kadhaa zaidi, na huongezewi chochote zaidi ya kuona viti. Tumia programu inayopakua, iwekee sharti la kupakua kwenye Wi-Fi tu na kufuta ukishasikiliza. Kwenye Android, AntennaPod ni ya bure, haina matangazo yake na haikudai ufungue akaunti.

Niongeze ambalo hukuuliza. Podikasti ilijengwa juu ya teknolojia iliyo wazi, RSS, inayopeleka vipindi vipya kwenye programu yoyote, ili mtayarishaji amfikie msikilizaji bila mlinzi wa mlango. Kampuni kubwa zimejaribu kuufunga mlango huo. Spotify ilinunua studio ya Gimlet mwaka 2019, na miaka michache baadaye vipindi vyake vingi vilikuwa vimefutwa au kupunguzwa. Kipindi unachokipenda sana kipakue, ukihifadhi mahali pako. Kilichoko kwenye seva ya mtu mwingine kinaweza kuondoka bila wewe kuagwa.

Nasikiliza kila kitu kwa kasi ya mara mbili. Kuna ubaya?

Habari na mijadala, sawa. Ila ukikimbiza Radiolab au Song Exploder unaharibu. Radiolab, iliyoanzishwa kwenye redio ya WNYC ya New York mwaka 2002, ilisukwa na Jad Abumrad, mtu aliyesomea utunzi wa muziki, na ukimya wake umewekwa kwa makusudi kama sauti zake. Song Exploder ya Hrishikesh Hirway ndiyo ningemwekea kila anayedhani uhariri ni kupunguza kikohozi. Msanii anaufumua wimbo wake. Unasikia ngoma peke yake, kisha besi peke yake, kisha sauti ya mwimbaji bila ala, mpaka pumzi anayovuta kabla ya kiitikio. Hirway ndiye anayehoji, lakini maswali yake ameyakata yote, msanii anabaki akizungumza na wewe. Mwishoni wimbo unapigwa mzima, na sasa unasikia vitu ambavyo vilikuwapo siku zote. Kwa mara mbili hutavisikia.

Nitajuaje kama wanachosema ni kweli?

Afadhali mtu mmoja ameuliza. Sauti nzuri, muziki wa taratibu na jina kubwa la chombo cha habari havithibitishi kitu. Mwaka 2018 New York Times ilitoa Caliphate, iliyomtegemea sana mtu mmoja wa Kanada aliyesimulia jinsi alivyoua akiwa na kundi la Islamic State huko Syria. Ilipata tuzo ya Peabody. Mwaka 2020 polisi wa Kanada wakamshitaki mtu huyo kwa kutunga madai hayo, gazeti likakiri kuwa kazi ile haikukidhi viwango vyake, na tuzo ikarudishwa.

Kwa hiyo sikiliza wanavyoonyesha njia yao. Je, wanasema waraka umetoka wapi? Wamemtafuta anayelaumiwa? Wanapokosea, wanasahihisha ndani ya kipindi chenyewe au wanafuta kimyakimya? Na zile za afya zinazokuuzia vidonge katikati ya ushauri, ziache leo. Siyo kesho.

Ya watoto?

Brains On! ni sayansi inayoendeshwa na mtu mzima akiwa na mtoto kama mtangazaji mwenza, na kila sehemu ina sauti ya fumbo ya kubahatisha. Sikiliza pamoja nao, usiwape simu ukaondoka.

Kila unachotaja ni cha Kiingereza. Waswahili hatuna?

Lawama nusu naipokea, nusu nairudisha. Zipo. Noa Bongo! Jenga Maisha Yako ya Deutsche Welle ni mchezo wa redio uliogawanywa sehemu fupifupi. Una waandishi, waigizaji na milio ya mazingira, na ni ushahidi kuwa hadithi iliyoandikwa vizuri kwa Kiswahili inamshika mtu masikio. Kwenye mahojiano, Salama Jabir katika Salama Na humwacha mgeni amalize sentensi, jambo adimu siku hizi.

Kinachokosekana ni uchunguzi wa miezi mingi na historia ya kina kwa Kiswahili. Sauti tunazo na wasimuliaji tunao. Wanaolipia utafiti na uhariri ndio hawaonekani. Nanyi wasikilizaji mnachangia: kipindi cha soga mnakisambaza siku hiyohiyo, cha historia mnasema "nitasikiliza baadaye".

Kwa asiyejiamini Kiingereza, Apple Podcasts tangu 2024 inaonyesha maandishi ya yanayosemwa. Soma huku unasikiliza.

Sikusoma historia shuleni. Nianzie wapi?

A History of the World in 100 Objects, BBC na British Museum, 2010. Vitu 100, kila kimoja robo saa. Utakutana na jiwe la kukatia kutoka Bonde la Oldupai, na baadaye vigae vya Kilwa: vipande vya vyombo vya China, vya Mashariki ya Kati na vya wenyeji vilivyookotwa ufuoni pamoja, biashara nzima ya Bahari ya Hindi kwenye kiganja. Ila kumbuka msimulizi, Neil MacGregor, alikuwa mkurugenzi wa makumbusho hayo. Ukifika kwenye bamba la Benin, lililoporwa na Waingereza mwaka 1897, mwulize moyoni mbona bado liko pale.

Nina safari ya saa nane. Nipakue nini?

The Missing Cryptoqueen ya BBC, 2019. Jamie Bartlett anamsaka Ruja Ignatova, aliyewauzia watu duniani sarafu ya kidijitali ya OneCoin kisha akatoweka Oktoba 2017. Kuna sehemu ambayo mtaalamu wa kompyuta anasimulia alivyopigiwa simu akaombwa aijengee sarafu hiyo blokucheni, yaani daftari la kidijitali la miamala ambalo sarafu ya aina hiyo husimama juu yake, wakati sarafu ilikuwa imeshauzwa kwa muda mrefu. Maana yake hapakuwa na kitu. Na kuna sehemu ya Uganda, ya kijana aliyeuza mbuzi ili anunue kifurushi cha OneCoin. Hakuingizwa na tapeli wa mbali, aliingizwa na mtu anayemfahamu, ambaye naye alikuwa ameingizwa hivyohivyo.

FBI ilimweka Ignatova kwenye orodha yake ya wanaosakwa zaidi mwaka 2022, na fedha nyingi za watu hazijarudi. Kama kwenye simu yako kuna kundi ambalo ndugu au rafiki amekuunganisha ili "uwekeze" na ulete wengine wawili, sikiliza sehemu ya Uganda kabla hujatuma chochote, kisha mtumie na yeye. Pakua sehemu zote usiku wa kuamkia safari, na chaji hedifoni.