Kuhamisha kanzidata ya PostgreSQL: jua kwanza muda unaliwa wapi

Ukiajiriwa kutunza kanzidata, haitachukua muda kabla hujaambiwa uhamishe moja kwenda seva mpya, tena usiku, na asubuhi mfumo uwe hewani. Wageni wengi wa kazi hii hupima muda wa kutoa data, wakaridhika, wakaahidi saa. Jamani, kuingiza ndiko kunakokula usiku! Kutoa ni kusoma data na kuimwaga kwenye faili. Kuingiza ni kuandika kila rekodi pamoja na kumbukumbu zake za WAL (daftari la kila badiliko, linaloandikwa kabla ya faili za data), kisha kujenga kila indeksi, yaani orodha ya kutafutia rekodi haraka, upya na kukagua funguo zinazounganisha majedwali. Faili la pg_dump, programu ya kutoa data, halibebi indeksi zenyewe, linabeba amri za kuzijenga. Kwa hiyo fanya jaribio la kuingiza data yote, si sampuli, kabla hujamtajia bosi saa yoyote.

Jaribio likiendelea, fungua dirisha la pili usome pg_stat_activity, inayoonyesha amri zinazoendelea kwenye seva. Ukikuta COPY, amri ya kuingiza rekodi nyingi kwa mkupuo, inakaa muda mrefu, tazama diski na mtandao. Ukikuta CREATE INDEX, tazama memori na prosesa. Zoea kufanya hivi kabla ya kugusa mpangilio wowote, maana nimeona watu wakibandika mistari kumi ya mipangilio waliyoiokota mtandaoni, na hatua inayochelewa ikabaki palepale.

Kikubwa cha kwanza ni namna unavyotoa. Tumia muundo wa saraka, yaani -Fd, pamoja na -j 4 (kazi nne sambamba) au zaidi kulingana na prosesa ulizonazo. Muundo wa -Fc, wa faili moja, nao unaweza kuingizwa kwa kazi nyingi sambamba, ila kutoa kwake ni kwa kazi moja tu. Na usiweke --inserts kama unakwenda PostgreSQL nyingine: kila rekodi inageuka amri yake ya INSERT, na COPY unaipoteza bure.

Ila -j ina mpaka wake. Data ya jedwali moja hushughulikiwa na mfanyakazi mmoja, yaani moja ya hizo kazi sambamba. Kama jedwali la miamala peke yake ni nusu ya kanzidata, wenzake watamaliza majedwali madogo wakae wanamsubiri, na kuongeza -j hadi 16 hakutabadili kitu. Hapo uliza swali la kibiashara: miamala ya miaka ya nyuma lazima ihame usiku huohuo? Mara nyingi inaweza kutangulia siku kadhaa kabla, kwa sababu haibadiliki tena.

Kwenye upande wa kupokea, maintenance_work_mem, memori ya kazi kama kujenga indeksi, huja ikiwa MB 64, kidogo mno kwa indeksi kubwa. Ipandishe hadi GB 1 au 2, ukikumbuka kwamba kila kazi sambamba huchukua fungu lake. Kazi nane za GB 2 ni GB 16. max_wal_size, kiasi cha WAL kinachokusanyika kabla data haijamwagwa diskini, nayo huja ikiwa GB 1, na wakati wa kuingiza seva hulazimika kumwaga data diskini kila mara. Logi yenyewe itakulalamikia. Ipandishe, kisha uirudishe kazi ikiisha.

Utashauriwa pia kuzima fsync, inayohakikisha data imefika diskini kweli. Mimi siungi mkono. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Ukisahau kuiwasha, data ya wateja iko hatarini kila siku inayofuata.

Mwisho, ANALYZE, amri ya kukusanya takwimu za majedwali. Katika toleo la 17 na yaliyotangulia, pg_dump haihamishi takwimu za majedwali, hivyo kanzidata ina data yote lakini haijui ni nyingi kiasi gani, na maswali yaliyokuwa mepesi yanaanza kusoma jedwali zima. Endesha vacuumdb --analyze-in-stages kabla ya kufungulia watumiaji: huanza na takwimu za juujuu zinazopatikana haraka, kisha hurudia hadi zikamilike.