Maswali na Majibu: Diski Pacha kwenye Ukuta wa Moto wa Nyumbani

Maswali yanayojibiwa hapa yametoka kwa wasomaji waliogeuza kompyuta za kawaida kuwa kuta za moto (firewall), yaani mashine zinazochuja mawasiliano kati ya nyumba na intaneti, kwa kutumia Linux, na sasa wanataka diski mbili zibebe data ileile kwa njia ya programu, yaani RAID 1. Amri zinazotajwa ni za Debian na programu yake ya mdadm.

Swali: Ukuta wangu wa moto ni kompyuta ya zamani ya ofisini yenye kadi mbili za mtandao na diski moja. Hauhifadhi nyaraka zozote. Je, kuna haja ya diski ya pili?

Haja ipo, ingawa si ya kulinda nyaraka. Mashine hiyo ndiyo njia pekee ya kutokea kwenda intaneti, na diski yake ikifa usiku nyumba nzima inakosa mtandao, nawe unakosa hata mahali pa kusoma namna ya kuitengeneza. Diski pacha hukupa nafasi ya kwenda dukani kutafuta nyingine huku watu wakiendelea na shughuli zao. Hata hivyo, ikiwa unaweza kuvumilia siku moja bila mtandao, na sheria zako zote za kuruhusu na kuzuia mawasiliano zimo katika faili la /etc/nftables.conf ambalo umeshalinakili kwenye mashine nyingine, basi afadhali fedha hizo uzitangulize kwenye UPS (betri ya akiba), kwa sababu umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huunguza pia pawa saplai, na hilo RAID haiwezi kulifidia.

Swali: BIOS ya kompyuta yangu, yaani programu ya msingi inayoiwasha, ina sehemu ya RAID. Niitumie hiyo, au mdadm?

Tumia mdadm. RAID ya ubao mama wa bei nafuu kwa kawaida hufanywa na prosesa ileile kupitia draiva, kwa hiyo hupunguzi kazi yoyote, bali unajifunga kwa ubao huo. Diski iliyoandaliwa kwa mdadm unaweza kuichomoa, ukaichomeka kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, ikasomeka. Katika BIOS, ziache diski kwenye hali ya AHCI, yaani ile ya kawaida isiyo ya RAID.

Swali: Nimepata diski mbili za mtumba, moja ya GB 500 na nyingine ya GB 320. Zinafaa?

Zinafaa, ila utapata nafasi ya ile ndogo tu, nayo inatosha na kubaki. Kununua mtumba si dhambi: Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipolichapisha wazo hili kwa jina la RAID mwaka 1988, hoja yao ilikuwa kutumia diski nyingi za bei nafuu badala ya moja kubwa ya ghali. Kabla ya kuzitumia, endesha smartctl -a, amri inayosoma afya ya diski, kwa kila moja na utazame mistari miwili, Reallocated_Sector_Ct (vipande vibovu vilivyokwisha kubadilishwa) na Current_Pending_Sector (vipande vinavyoshindwa kusomeka). Huu wa pili ukizidi sifuri, irudishe diski kwa aliyekuuzia. Tena, usiigawe diski mpaka mwisho wake. Acha megabaiti mia kadhaa bila kuzigusa, kwa kuwa diski mbili zilizoandikwa ukubwa mmoja huweza kupishana kidogo, na siku ya kubadilisha, mdadm itaikataa iliyopungua.

Swali: Mfumo umeshasimikwa kwenye diski moja. Naweza kuongeza pacha bila kuanza upya?

Unaweza. Unaunda RAID yenye nafasi mbili, moja ikiwa tupu kwa makusudi, kwa amri ya mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 missing /dev/sdb2, kisha unahamishia mfumo huko kwa rsync (programu ya kunakili mafaili), unarekebisha /etc/fstab na mdadm.conf, unaunda upya initramfs (mfumo mdogo unaotangulia Linux inapowaka), unawasha kutoka diski mpya, na mwisho kabisa unaiingiza ile ya zamani kwa --add, ambapo vilivyomo ndani yake hufutwa. Kwa seva yenye mambo mengi, njia hii ina maana. Kwa ukuta wa moto, ningesimika upya: kisimikaji cha Debian kinaunda RAID katika hatua ya kugawa diski kwa mkono, nawe unarudisha mafaili machache ya /etc. Eneo la swap, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM, nalo liweke juu ya RAID, maana likiwa kwenye diski moja tu na diski hiyo ikafa, programu zilizokuwa na kumbukumbu zake humo zitaanguka.

Swali: Nilichomoa diski ya kwanza ili kujaribu, na mashine ikakataa kuwaka. RAID ina faida gani basi?

Hili ndilo kosa linalowapata wengi, na ni vema umeligundua mapema. Data zako zilikuwa salama kwenye diski ya pili. Kilichokosekana huko ni GRUB, programu inayouanzisha mfumo, ambayo hukaa nje ya RAID. Kwa mashine za BIOS ya kizamani dawa ni nyepesi: dpkg-reconfigure grub-pc, kisha weka alama kwenye diski zote mbili, ili hata masasisho yajayo yaandikwe kotekote.

Kwenye UEFI, yaani mrithi wa BIOS katika mashine mpya zaidi, kazi ni zaidi kidogo, kwa sababu mashine inapowaka huwa haijui lolote kuhusu mdadm. Inachotafuta ni sehemu ndogo ya EFI yenye mfumo wa FAT. Tengeneza sehemu hiyo kwenye kila diski, nakili yaliyomo kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kisha uiandikishe ya pili kwenye orodha ya kuwashia ya mashine kwa amri ya efibootmgr. Hakikisha pia kuna faili la EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, ambalo mashine nyingi hulijaribu zisipopata jingine. Nakala hiyo haijisasishi yenyewe, kwa hiyo irudie kila GRUB inaposasishwa.

Rudia jaribio lako ukiwa umezima mashine kabisa. Ukiirudisha diski uliyochomoa, usitegemee ijiunge yenyewe. Iongeze kwa --add, na usithubutu kuichomoa ile nyingine kabla faili la /proc/mdstat, linaloeleza hali ya RAID, halijaonyesha [UU], yaani diski zote mbili ziko kazini. Ukiwasha kwa diski moja peke yake, kisha kwa nyingine peke yake, kila moja itashika historia yake, na utalazimika kuchagua ipi ufute.

Swali: Nitajuaje kwamba diski moja imekufa?

Usipopanga, hutajua, kwa sababu mtandao utaendelea kama kawaida hadi ya pili nayo ife. Katika /proc/mdstat, [U_] maana yake pacha mmoja hayupo, lakini nani husoma faili hilo kila asubuhi? Andika anwani yako kwenye mstari wa MAILADDR katika /etc/mdadm/mdadm.conf, weka msmtp ili mashine iweze kutuma barua pepe kupitia akaunti yako, kisha ujaribu kwa mdadm --monitor --scan --oneshot --test. Barua isipofika, hujamaliza kazi.

Swali: RAID 1 inatosha badala ya nakala rudufu?

Hapana. Ukifuta sheria kwa bahati mbaya, imefutika kwenye diski zote mbili papo hapo.

Swali: Umeme ukikatika, RAID husawazishwa upya kwa saa nyingi na mtandao unakuwa mzito. Nifanye nini?

Kwanza angalia kama una ramani ya maandiko, ambayo huonekana katika /proc/mdstat kama mstari wa bitmap. Kama haipo, mdadm --grow --bitmap=internal /dev/md0 huiongeza bila kuzima mashine, na kuanzia hapo umeme ukikatika husawazishwa vile vipande tu vilivyokuwa vikiandikwa. Ikiwa bado ni nzito, punguza namba iliyo katika /proc/sys/dev/raid/speed_limit_max, ambayo kwa kawaida ni 200000, yaani kilobaiti kwa sekunde. Na ikiwa uzito huo huja hata umeme usipokatika, tazama kalenda: Debian hukagua RAID Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na ukaguzi huo usiuzime.